Kilo Kumi na Nne

Waliokuwepo siku ile ni Baba Pacha, mnyooshaji wa migongo. Mkewe Mama Pacha, aliyekuwa akipokea wagonjwa. Kocha wa jumba la mazoezi la ghorofa ya juu. Mama Bonge, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mama mkwe wake. Na Bonge mwenyewe, mtoto wa miezi tisa. Watu sita. Ndivyo Mama Pacha alivyoandika kwenye daftari lake, na hakuna mwingine aliyeonekana akiingia mlangoni asubuhi ile.

Chumba cha Baba Pacha kilikuwa chini kabisa ya jengo, na juu ya dari yake watu walinyanyua vyuma. Kila chuma kilipotupwa sakafuni, puu, taa ilitikisika kidogo. Wagonjwa wake wengi walishuka kwa ngazi zile zile: huyu kiuno kimekaza, yule bega limeteguka, mwingine goti halikunjiki. Aliwalaza kitandani, akawapapasa pingili moja moja, akawanyoosha kwa mikono mitupu. Sindano hakuwa nayo, wala dawa. Alikuwa na kawaida ya kusugua viganja vyake kabla ya kumgusa mtu, visije vikawa vya baridi.

Mama Bonge alishuka ameinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kocha alimshika kiwiko kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alibeba mfuko wa nepi.

"Shemeji, nimekuletea mtu," Kocha alimwambia Mama Pacha. "Lakini msiseme nimemvunja mimi. Nimemkuta hivi hivi."

"Wewe kila unayemleta umemkuta hivi hivi," Mama Pacha alimjibu. "Kaa chini, unanijazia mlango."

Mama mkwe alifuata nyuma na Bonge mikononi. Mtoto alikuwa analia kilio kidogo, cha mtoto aliyechoka kulia. Mama Pacha alitandika mkeka kwenye chumba cha kungojea, akaweka khanga juu yake ili mkeka usimkwaruze, wakamlaza hapo.

"Mbona humbebi mgongoni akalala?" alimuuliza Mama Bonge.

"Hataki mgongo wangu," Mama Bonge alisema. "Wiki tatu sasa. Nikimweka tu analia kama nimemweka jikoni. Na kunyonya ni mara moja, anaacha. Anatazama nyuma ya bega langu, basi."

"Alikuwa na kilo kumi," mama mkwe alisema. "Sasa nane. Jina limebaki, bonge lenyewe limekwenda. Nesi amesema akipungua tena tumpeleke akalazwe, na ametuambia bila kutuficha kwamba hali si nzuri."

Alisema hivyo huku akimfuta mkwewe jasho kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama anamfuta mtoto wake wa kumzaa.

Baba Pacha alikuwa na mizani mbili za mshale, akiziweka sambamba sakafuni. Mgonjwa alikanyaga kila moja kwa mguu mmoja, naye akaona mwili unaegemea upande gani. Mama Bonge alivua viatu, akapanda.

"Kushoto thelathini na saba. Kulia thelathini na sita," Baba Pacha alisoma. "Sabini na tatu."

Kocha alichungulia kutoka chumba cha kungojea. "Sabini na tatu nani? Huyu nimempima mwenyewe juu sasa hivi, kwa kiti kile cha kupimia. Hamsini na tisa. Na alikuwa ameegemea kitini na viatu mguuni."

"Mizani zimeharibika hizo," Mama Bonge alisema kwa aibu.

Mama Pacha alipanda yeye, akisema anaomba leo zimdanganye kidogo. Hazikumdanganya. Zilimpa uzito wake ule ule anaoujua na asiopenda kuutaja. Mama Bonge akapanda tena. Thelathini na saba, thelathini na sita. Kisha, akiwa amesimama wima, mikono chini, hata kope hazichezi, mshale wa kushoto ulishuka polepole hadi thelathini na tano, na wa kulia ukapanda hadi thelathini na nane, ukakaa hapo, halafu yote ikarudi. Ilikuwa kama mtu anavyojisogeza kwenye kiti ili akae vizuri.

"Zimezeeka," Baba Pacha alisema. "Shuka, mwanangu. Lala kifudifudi."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mizani zile walizinunua mwezi uliopita.

Kitanda kilikuwa na tundu la kuwekea uso. Mama Bonge alilala, uso tunduni, akaitazama sakafu. Baba Pacha alisugua viganja.

"Maumivu yalianza lini hasa?"

"Nilikuwa nakimbia asubuhi. Nilitaka kupunguza tumbo la uzazi, maana kila nguo imenikataa. Nikapita ile njia ya nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Nikasikia mtoto analia."

"Mtoto wa nani?"

"Sikumwona. Kilio kilikuwa nyuma yangu, chini, karibu na visigino. Nikafikiri kapotea. Maziwa yakanitoka yenyewe pale pale, nikalowa. Nikachuchumaa, nikamtegea mgongo, nikasema njoo nikubebe. Ndivyo ninavyomwambia Bonge."

"Halafu?"

"Halafu kilio kikanyamaza. Nikageuka, hakuna mtu. Niliposimama tu, mgongo ukashika."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Hukuniambia hilo," alisema.

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba nimembeba mtoto ambaye hayupo?"

Juu, chuma kilianguka, puu, na taa ikatikisika.

Baba Pacha aliweka viganja katikati ya mabega ya Mama Bonge, na hapo akasikia harufu ya tope, lile tope la mtaro uliokauka na kulowa tena. Aliangalia viatu vyake, vilikuwa safi. Akarudisha macho mgongoni. Nyama iliyokuwa chini ya mikono yake ilikuwa ya moto kuliko mwili wote, na ilikuwa ikipanda na kushuka, na mwanzo aliona ni pumzi za mgonjwa, mpaka alipozihesabu na kugundua kwamba kwa kila pumzi moja ya Mama Bonge ile nyama inapanda na kushuka mara mbili, haraka haraka, kama anavyopumua mtoto mdogo aliyelala.

Alitaka kuondoa mikono. Lakini miaka ishirini alikuwa ameiamini mikono hiyo, na mikono ilimwambia ni msuli uliokaza unaorukaruka, na msuli uliokaza dawa yake ni kuachishwa. Hilo ndilo kosa alilolifanya. Mganga wa majini angeuliza kwanza aliye mgongoni ni nani, anataka nini, na akitoka aende wapi. Mnyooshaji wa migongo haulizi hayo. Anatafuta palipokwama, anasukuma.

"Vuta pumzi," alisema. "Sasa itoe yote."

Mama Bonge aliitoa yote. Na pumzi yake ilipofika mwisho, chini ya viganja vya Baba Pacha kitu kilivuta ya kwake, ndefu, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Akasukuma.

Kah.

Kisha ikafuata sauti ya pili, upande wa pili wa kitanda, pasipokuwa na mtu. Ilikuwa sauti ya nyayo mbili ndogo, tupu, zikitua sakafuni.

"Imeondoka," Mama Bonge alisema ndani ya tundu, na machozi yakamdondoka hadi chini. "Jamani, imeondoka. Naweza kupumua. Mungu akupe maisha marefu, baba."

Baba Pacha alikuwa akisikiliza zile nyayo zikienda kuelekea mlangoni, pa, pa, pa, za mtu anayejifunza kutembea. Mama mkwe aliyekuwa mlangoni alijibana ukutani, akakusanya nguo yake kwa mikono miwili kama anayempisha mtu mfupi apite.

"Umemshusha," mama mkwe alimnong'oneza Baba Pacha. "Sasa umemshushia wapi?"

Katika chumba cha kungojea, Bonge aliacha kulia.

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kumfikia. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, na shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye khanga kana kwamba kiganja kimelikandamiza. Alimshika chini ya kwapa, akamvuta. Hakuinuka. Alivuta tena. Mtoto yule wa kilo nane alikuwa amegandamana na sakafu kama mfuko wa saruji uliolala nje mvua ikaunyeshea.

"Kocha," alisema. "Kocha, njoo."

"Sogea, shemeji." Kocha alipiga magoti. Kule juu alinyanyua vyuma vya kilo mia na ishirini huku anapiga soga. Alipitisha viganja vyake vikubwa chini ya kifua cha mtoto, kwa upole, akichunga asimbane, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mkeka ukakunjika, na khanga ikakunjika, na mtoto hakuinuka hata unene wa kidole. Mdomo wa Bonge ulikuwa wazi. Pumzi ilikuwa inatoka tu, hairudi, na midomo imeanza kuwa rangi ya majivu.

"Hawezi kuvuta hewa," Kocha alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Amekaliwa. Kuna kitu kimemkalia."

Mama Bonge alitoka akiwa na nguo nusu, akikimbia na kujikwaa, akamwona mwanawe. Aligeuka, akachuchumaa mbele ya mkeka, akainamisha mgongo wake ule uliopona dakika ile ile, na kwa sauti ya mama anayembembeleza mtoto akasema, "Njoo kwangu. Njoo, mama, panda, rudi kwa mama, mwache huyo, huyo mdogo, panda kwangu."

Baba Pacha alimshika mabega, akamsogeza pembeni.

"Niache, baba. Niache animalize mimi."

"Akirudi kwako, huyu hanyonyi," Baba Pacha alimwambia. "Atakufa polepole badala ya haraka."

Kisha yeye mwenyewe akapiga magoti mahali pale pale, mtu wa miaka hamsini na kitu, magoti yakilia, akauelekeza mgongo wake kwa mtoto na kwa kile kilichokuwa juu ya mtoto.

"Baba Pacha, usifanye hivyo," mkewe alisema.

"Wangu wamekua," alisema. Hakuwa anamjibu mkewe. Alikuwa anaongea na kilicho nyuma yake, macho ameyafumba. "Huyo mama ana mmoja, hawezi wawili. Mimi wangu wote wawili wamekua, wameondoka nyumbani, mgongo wangu hauna mtu. Mimi ndiye niliyekushusha bila kukuuliza, na nimekosa. Panda."

Juu vyuma vilinyamaza, na ile harufu ya tope ikajaa mpaka Mama Pacha akaihisi ulimini, na wote wanne walitazama shati jeupe la Baba Pacha, jinsi lilivyovutika kwanza kwenye bega la kushoto, mikunjo mitano midogo, halafu kwenye bega la kulia, mikunjo mitano mingine, na jinsi kitambaa kilivyojikaza kiunoni pande zote mbili kama kilichobanwa na magoti, na jinsi mtu yule alivyozama kidogo pale alipokuwa, akashusha pumzi, akaweka kiganja kimoja sakafuni asianguke.

Bonge alivuta hewa, akalia.

Kilikuwa kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto anayedai chake. Mama Pacha alimnyanyua kwa nguvu zote alizokuwa ameziandaa, na kwa kuwa mtoto alikuwa mwepesi tena nusura amrushe darini. Mama Bonge alimpokea, akakaa chini pale pale, akampa ziwa. Bonge akashika. Alinyonya huku amefumba macho, kidole chake kimeshika ncha ya nywele ya mama yake, na hakutazama nyuma ya bega hata mara moja. Mama mkwe aliwafunika wote wawili kwa mtandio wake, kisha akageukia ukuta akalia bila sauti.

Kocha alikunja mkeka vizuri, akauegemeza ukutani, maana alikuwa mtu asiyejua kukaa bure akiwa na hofu. Alimsaidia Baba Pacha kusimama. Alishika mkono wake tu. Mgongo hakuugusa.

Walipoondoka wote, Mama Pacha alifunga mlango na kumfuata mumewe kwenye chumba cha kitanda. Baba Pacha alikuwa amesimama katikati, ameinama kidogo, anajitikisa taratibu, kushoto, kulia, kama walivyokuwa wakijitikisa yeye na mkewe zamani pacha walipokuwa wachanga. Mama Pacha alinyoosha mkono ili anyooshe ile mikunjo ya shati.

"Usimguse," Baba Pacha alimwambia kwa sauti ya chini. "Ndiyo kwanza analala."

Bonge alifika kilo kumi na moja kabla hajatimiza mwaka. Baba Pacha alinyoosha migongo ya watu kwa miaka tisa zaidi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona ameegemea kiti.