Foleni Iliyoondoka Ikicheza

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, kweli iliyooshwa ikaanikwa juani. Nimeishi Liuzhou tangu mji huu ulipokuwa na matope mengi kuliko taa, na katika umri wangu sina faida ya kuwadanganya watoto. Yeyote atakayenikamata nimeongeza chumvi, hata punje moja, nitamnunulia bakuli la tambi za konokono hapahapa kibandani kwa Dada Ruan, yeye na wote atakaokuwa nao. Nimeapa. Sasa sogeeni.

Kila asubuhi Yulei aliamshwa na kelele za bibi yake, Bibi Meng, akigonga mwiko kwenye sufuria. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa akiishi na mama yake na bibi yake katika nyumba za zamani za kiwanda cha nguo. Baba yake alikuwa akifanya kazi mkoa wa Guangdong na kurudi Sikukuu ya Machipuko tu, mwaka mpya wetu wa Kichina. Yulei alikunywa uji wa mchele kwa maharagwe ya siki, akabeba mkoba, akaenda kugombea basi. Shule yake ilionekana kutoka dirishani, ng'ambo ya mto. Lakini Mto Liu unauzunguka mji kama kamba inavyozunguka mzigo, na kilicho karibu kwa macho kiko mbali kwa miguu. Mara nyingi alifika darasani wenzake wakiwa wamekwisha kufungua vitabu.

Ndiyo maana aliyatazama kwa upendo maghorofa yaliyokuwa yakijengwa karibu na kwao. Miaka ile majengo yaliota upesi kuliko mianzi baada ya mvua. Bibi Meng alisema ukilala mchana, ukiamka unakuta jirani mpya angani. Mtaa ule mpya uliitwa Bustani za Ukingo, na ilisemekana kwamba awamu ya pili ikijengwa, itakuwa na shule. Shule ya kwenda kwa miguu!

Mama yake, Shaoli, alikuwa muuzaji katika ofisi ya mauzo ya Bustani za Ukingo. Jioni moja alirudi uso umemshuka.

"Kesho anakuja Bi Teoh," alisema, akivua viatu. "Yule mama wa Penang, Malaysia, anayetaka kutia fedha katika awamu ya pili. Akikataa, ujenzi unasimama. Shule basi. Na mimi..."

"Na wewe?" Yulei aliuliza.

"Na mimi nitarudi kuuza soksi sokoni."

"Kwani nyumba hazinunuliwi?"

"Watu wanakuja, wanautazama ule mfano wa mtaa tulioupanga juu ya meza, wanasifu, wanakunywa chai yetu, wanaondoka."

Bibi Meng aliweka vijiti chini. "Nimekuambia mara ngapi, Shaoli? Kiwanja chetu cha kucheza muziki jioni kimekwenda wapi kwenye huo mfano wenu?"

"Mama, usianze tena."

"Naanza! Wamekifuta, wakaweka bwawa na chemchemi na samaki wa dhahabu. Samaki hawanunui nyumba!"

"Meneja Pang anasema wageni wanapenda chemchemi."

"Basi awauzie wageni."

Kesho yake alasiri, Meneja Pang mwenyewe, bosi wa Shaoli, alifika mtaani. Alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu lisilopumzika. Katika biashara yake kulikuwa na mtindo uliozoeleka: ukitaka nyumba zionekane zinagombewa, unakodi watu wapange foleni mlangoni.

"Mama zangu, wazee wangu!" aliita. "Njooni msimame ofisini kwangu jioni hii. Mjifanye mnanunua nyumba. Kila mmoja atapata dumu la mafuta ya kupikia!"

"Kusimama tu?" aliuliza Shangazi Huo, jirani yao mwenye ulimi mkali. "Kwa dumu la mafuta hata kulala nitalala."

"Mafuta kwanza," alisema mzee mmoja. "Tumeshaahidiwa mengi."

Meneja Pang akakubali, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Kisha akainama kwa Yulei. "Na wewe, binti mzuri, simama na bibi yako. Ukiulizwa, jibu hivi: tunanunua vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Ni kwa ajili ya kazi ya mama yako, unaelewa?"

Yulei alimtazama bibi yake. Bibi Meng alikuwa akitazama ukuta.

Basi, foleni ikapangwa. Jamani, foleni! Ilianzia mlango wa ofisi, ikapita kwa kinyozi, ikapita duka la baiskeli, ikakata kona, ikapanda daraja, ikavuka mto. Watu wa mwisho walikuwa ng'ambo, ikabidi wapigiwe simu kila mara ili waambiwe wasogee. Kila mtu alikuja na kigoda chake cha plastiki, na chini ya kila kigoda kulikuwa na mfuko mwekundu wenye dumu la mafuta.

"Shangazi Huo, na wewe unanunua nyumba?" mama mmoja alichokoza. "Hata huo mwavuli umeuazima!"

"Nitanunua ghorofa ya juu kabisa," Shangazi Huo alijibu, "nikumwagie maji ya kuoshea miguu."

Bi Teoh alishuka garini akiwa amevaa viatu vya kawaida na kofia ya majani. Alikuwa mdogo wa umbo, na hakwenda moja kwa moja kwa Meneja Pang. Alisimama kwanza akatazama mji: winchi zikigeuka polepole juu ya mapaa, vilima vilivyochongoka nyuma yake, watu wakirudi kazini kwa pikipiki.

"Nilikuja hapa miaka mitano iliyopita," alisema kwa Kichina chenye lafudhi ya kusini. "Hapa palikuwa na shamba la kabichi. Hawa watu hawachoki!"

Kisha akaiona foleni, na uso wake ukachanua. Alitembea kando yake akisalimia wazee hadi akamfikia Yulei.

"Hujambo, mwanangu. Na nyinyi mnanunua?"

Meneja Pang alikohoa. Yulei akasema haraka, "Tunanunua vyumba viwili, ghorofa ya tatu."

"Hongera!" Bi Teoh akatoa kashata ya nazi mkobani, akampa. "Imetoka kwetu. Unajua, hela ninazoleta si zangu peke yangu. Nina shangazi saba. Baba yangu alipofariki, wao ndio walionisomesha kwa kuuza vitafunwa kando ya barabara. Sasa wamezeeka, na wamenikabidhi akiba yao. Usiku silali. Lakini nikiiona foleni hii, moyo unatulia."

Yulei alikuwa ameshatia kashata mdomoni. Ghafla ikawa kama udongo. Aliwaza juu ya wale shangazi saba, wenye mikono kama ya Bibi Meng.

Wakati huohuo ikatimia saa moja jioni, na hilo ndilo lilikuwa kosa la pili la Meneja Pang. Mgeni katika mji huu angeweza kusahau, lakini yeye alizaliwa hapa. Saa moja jioni ni saa ya kiwanja, saa ya kucheza.

Spika ya kiwanjani, mkabala na ofisi, ilinguruma. Muziki ukaanza.

Mwanzoni foleni ilijikaza. Kisha visigino vikaanza kugonga chini. Mabega yakafuata. Mama mmoja alitoka, akasema anakwenda kunyoosha mgongo; mwingine akamfuata kumsaidia kuunyoosha. Shangazi Huo alishikilia kigoda chake kwa mikono miwili, akafumba macho, akavumilia hadi kiitikio, akashindwa. Kufumba na kufumbua, foleni nzima ilikuwa imegeuka safu za wachezaji kiwanjani, mikono juu, hatua moja kushoto, hatua moja kulia.

Bibi Meng alikuwa kiongozi wao, na kundi bila kiongozi hupotea hatua. Alichomoa mkandani kipepeo chake chekundu cha kujipepea. "Nishikie nafasi," akamwambia mjukuu wake kwa mazoea, akaenda.

Vikabaki vigoda vitupu vimejipanga mstari, na mifuko myekundu ya mafuta chini yake, na Yulei.

"Wamekwenda wapi?" Bi Teoh aliuliza.

"Ni furaha, Bi!" Meneja Pang alijipangusa jasho. "Furaha ya kupata nyumba! Mtu wa Liuzhou akinunua nyumba lazima acheze."

"Na mafuta haya? Yote ya aina moja?"

"Ni... ni desturi."

Bi Teoh akamgeukia Yulei. Hakuwa akitabasamu tena. "Mwanangu, nitakuuliza wewe. Wale ni wanunuzi?"

Nyuma ya kioo cha ofisi Yulei alimwona mama yake amesimama, mkono kifuani. Akaona soksi sokoni. Akaona basi la asubuhi. Meneja Pang alimkonyeza mpaka uso mzima ukakunjamana. Ulikuwa uongo mdogo tu, na tayari alikuwa ameshausema. Kilichobaki kilikuwa kuitikia kwa kichwa.

"Hapana, Bi," alisema. "Wamekuja kwa ajili ya mafuta. Na mimi nilikudanganya. Hatununui vyumba viwili. Nisamehe."

"Mtoto ana homa huyu!" Meneja Pang alipiga kelele.

"Sina homa."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Shaoli akatoka, akaja kusimama nyuma ya binti yake, akamwekea mkono begani. "Anasema kweli, Bi. Maneno haya nilipaswa kuyasema mimi."

Bi Teoh aliikaza kofia yake kichwani na kuelekea kwenye gari. Dereva akawasha injini. Yulei aliona shule mpya aliyoiota ikiingia garini pamoja na yule mama, akakimbia.

"Bi! Lakini watu wanataka kuishi hapa! Wanataka kweli!"

Bi Teoh aligeuka. "Basi kwa nini hawanunui?"

"Muulize bibi yangu. Yule wa mbele, mwenye kipepeo chekundu. Anatuambia kila siku nyumbani."

Bi Teoh akamwashiria dereva asubiri, akaenda kiwanjani. Ilibidi asubiri wimbo uishe, kwa sababu Bibi Meng hakatishwi katikati ya wimbo hata na tetemeko la ardhi. Ulipoisha, akamuuliza kwa nini hawanunui.

"Nyumba zenu nzuri," Bibi Meng alisema akihema. "Madirisha yanatazama mto, lifti haitikisiki. Ningeuza kile chumba changu cha kiwandani kesho, nihamie. Lakini kiwanja hiki mnakizika chini ya bwawa. Jioni nitafanya nini huko juu? Nitazamane na samaki?"

"Nyote mnaona hivyo?"

"Sote!" walijibu, na Shangazi Huo akaongeza, "Na hao samaki wenyewe hawaliwi!"

Bi Teoh alicheka kwa mara ya kwanza tangu muziki uanze. Akaingia ofisini, akauinamia ule mfano wa mtaa, akaing'oa chemchemi ya plastiki kwa vidole viwili na kuiweka kiganjani mwa Meneja Pang. "Hii, ondoa. Shule ibaki, kiwanja kibaki. Na mwenzangu, ukitaka nikuamini tena, usinipangie watu. Nipangie ukweli."

Meneja Pang aliinamisha kichwa. Tangu siku ile tabasamu lake lilianza kupumzika, na watu wakagundua kwamba likipumzika anaonekana mtu mwema.

Jioni ileile Bibi Meng alirudisha dumu lake, na majirani wakamfuata mmoja mmoja. Shangazi Huo peke yake alisema, "Langu limeshatangulia nyumbani," lakini asubuhi lilikutwa mlangoni mwa ofisi, limepungua kidogo.

Siku ya kufungua mauzo ya awamu ya pili, foleni iliyojipanga yenyewe ilikuwa fupi, haikufika hata kwa kinyozi. Hapakuwa na mafuta ya bure. Saa moja ilipotimia, muziki ukalia. Watu wakacheza palepale walipo, kila mmoja mbele ya kigoda chake. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

Bi Teoh alimwita Yulei na watoto wengine waliokuwa karibu. "Mnaona? Mtu wa kukodiwa huondoka muziki ukianza, wa kweli hubaki. Yulei, ungenyamaza siku ile, ningechimba bwawa katikati ya nyumba tupu, na shangazi zangu wangelala njaa. Ulinikasirisha sana, lakini ulinionyesha mahali pa kuweka matofali. Wanangu, mwaminifu si yule ambaye ulimi wake haujateleza kamwe. Mwaminifu ni yule anayerudi kusahihisha mapema, hata kama kusahihisha kunamgharimu."

Na shule ndiyo ile mnayoiona, yenye paa la bluu. Yulei huenda kwa miguu, na bibi yake humpungia mkono kutoka ghorofa ya tatu. Hadithi yangu ni hiyo, na kila neno...

"Babu Gan!"

Nikageuka. Msichana mwenye mkoba wa shule alikuwa amesimama nyuma ya kigoda changu, na nyuma yake darasa zima.

"Aa, Yulei! Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu foleni ilipovuka mto. Babu, daraja liko upande ule mwingine wa mji! Foleni iliishia duka la baiskeli. Nilikuwepo."

"Labda ilirefuka baada ya..."

"Babu. Mwaminifu ni nani?"

Watoto wote wakanitazama. Nilikuna kichwa. "Ni yule anayerudi kusahihisha mapema," nikasema. "Haya, iliishia duka la baiskeli."

Kisha nikatia mkono mfukoni. "Dada Ruan, tambi za konokono kwa darasa zima. Na bakuli la huyu binti, pilipili ajaze mwenyewe."