Ujumbe Uliosubiri Kupakuliwa

Simu ililia juu ya kaunta ya kioo, na mke wa Injinia akakunja uso, kwa sababu simu hiyo haikuwa na laini. Mteja alichomoa laini yake asubuhi, akaiacha simu itengenezwe tundu la chaji. Sasa ilikuwa imeandika: Una ujumbe wa picha. Pakua?

Akamwonyesha mumewe. Injinia, jina alilojibandika siku alipojua kubadilisha vioo vya simu, hakuacha hata kutafuna kijiti chake. Alimweleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mbumbumbu, kwamba picha haiji yenyewe. Inakaa kwenye mtambo wa kampuni, kama mzigo ghalani. Wewe unaletewa taarifa tu kwamba una mzigo, kisha simu yako ndiyo inayokwenda kuuchukua.

"Kwa hiyo aliyeko huko haji mpaka afuatwe?" mkewe akauliza.

"Aliyeko?" Injinia akacheka kwa pua. "Ni picha, mama. Picha haina miguu."

"Basi iache, baba. Mtoto amelala hapa."

Mtoto wao wa miezi mitatu alikuwa kwenye mkeka, nyuma ya kaunta. Mke aliona mumewe amekwisha kuvimba kichwa, na akajuta kumwomba, maana mwanamume yule angemeza msumari ili kuthibitisha kwamba unamezeka. Injinia alichomoa laini kwenye simu yake, akaipachika kwenye ile ya mteja, akabonyeza.

Picha ikaanza kufunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Kwanza ukuta uliobambuka rangi, na mke akautambua kuwa ni wa duka lao. Halafu nywele, nywele ndefu zinazogusa dari, na papo hapo duka likajaa harufu ya nywele zilizoungua, kisha mgongo uliopinda kwa kukosa nafasi, na mikono iliyoshuka, ikashuka, ikazidi kushuka hadi kwenye mkeka, ambako mtoto wao alikuwa amelala vilevile alivyolala sasa, na kofia ileile, huku vidole virefu vikimpapasa midomo kama vinavyotafuta mlango.

Mke akageuka. Juu ya mtoto hapakuwa na mtu.

Simu ikaandika: Picha ni kubwa mno. Inapunguzwa ili ienee.

"Ni kawaida," Injinia alinong'ona, bado anafundisha. "Mtambo unapunguza kitu kikubwa, kiingie kwenye kidogo."

Kile kiumbe cha pichani kikaanza kunywea. Mke alimpokonya simu, akaing'oa betri, akaruka kumwendea mwanawe. Harufu ilikuwa imekatika.

Mtoto alikuwa macho. Alimpita mama yake kwa jicho, akamtazama Injinia toka kichwani hadi miguuni, kama bwana anavyomtazama mtumishi.

"Umechelewa kunichukua," akasema.