Nilitaka Ndugu Yangu Apigwe Mara Moja Tu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka kumi na saba na nasoma kidato cha nne katika shule moja ya bweni hapa Nyeri. Darasani mimi ndiye huwachekesha watu. Mwalimu akigeukia ubao, naanza kutembea kama yeye. Kwa kazi hiyo nimechapwa mpaka makalio yangu yanaijua kila fimbo ya shule kwa jina.

Nayasema haya mapema ili usidhani barua hii imeandikwa na mtu mzima aliyeokoka. Mimi ni yule yule mpuuzi. Ila kuna jambo moja ambalo siwezi tena kulifanyia mzaha... nalo nililifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu, watu wakinywa chai.

Nyumbani ni Mweiga, upande wa kuelekea msitu wa Nyandarua. Tuna ng'ombe wanne wa maziwa na shamba la viazi. Wavulana ni wawili tu. Mkubwa ni Wachira. Mimi ni Gathogo.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na si jina tu. Kwa mzee wetu aliyetuzaa, Wachira alikuwa ni babake mwenyewe aliyerudi. Alimwita "Baba". Hebu fikiria, mtu mzima mwenye ndevu anamwambia kijana wa shule, "Baba, njoo unywe uji." Na kijana huyo akikosea, nani atampiga babake mzazi? Tangu azaliwe, Wachira hakuwahi kuonja hata kofi.

Mimi nilipewa jina la babake mama, ambaye mzee hakumpenda hata kidogo. Kwa hivyo viboko vya watoto wawili vilikuja kwangu vyote, na vya ziada kwa ajili ya yule babu mwingine.

Babu Wachira mwenyewe hatukumjua. Wakati wa Hali ya Hatari aliingia msituni na wenzake kupigania ardhi. Mzee wetu, akiwa kijana, alimsindikiza mpaka mwanzo wa miti, akambebea chakula, akaambiwa arudi nyumbani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Kaburi hakuna. Mpaka leo mzee hapiti njia ya msituni. Akitaka kuni, anamtuma mtu.

Basi mwaka jana Wachira alikuwa kidato cha sita, shule hiyo hiyo yangu, na alikuwa na akili za kutisha. Mzee alikuwa amekwisha kusimama kanisani akatangaza kwamba mtoto wake atakuwa daktari, huko chuo kikuu cha Nairobi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Wachira. Daktari ni daktari, mtu atakataaje?

Mwezi wa kumi tulifunga shule kwa siku chache. Wanafunzi wa kidato cha sita walipewa fomu za chuo kikuu waje nazo nyumbani, wajaze kozi wanazotaka na mahali pa kusomea, na mzazi aweke sahihi. Mzee wetu hakusoma. Huweka kidole gumba.

Ijumaa jioni Wachira aliiweka fomu mezani, akaisoma kwa sauti mbele ya mzee. "Ya kwanza, udaktari, Nairobi. Ya pili, udaktari wa mifugo, Nairobi." Mzee akachovya kidole katika wino, akakandamiza polepole kama mtu anayebariki.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Wachira, na Kiingereza cha kusoma fomu ninacho. Hapakuwa na udaktari wowote. Aliandika elimu ya misitu, chuo cha Kampala, Uganda. Na ya pili, misitu tena!

Tulipotoka nje alinishika shati. "Gathogo, umeona?"

"Nimeona nini? Mimi ni kipofu," nikamwambia.

"Nitamwambia mwenyewe mtihani ukiisha. Nipe hiyo nafasi tu. Nipite kwanza."

Nikakubali. Na ningenyamaza, wasomaji, nawaapia ningenyamaza. Lakini kesho yake, Jumamosi, Wachira alikuwa akisoma huku anachunga, akasahau lango wazi. Ng'ombe wote wanne waliingia katika viazi wakakanyaga mistari sita. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kisiagi cha mahindi, nasubiri unga.

Nilipofika na gunia kichwani, mzee alinipokea kwa mshipi wa mpira anaofukuzia ng'ombe. Alinipiga mgongo, miguu, shingo. Unga ukamwagika. Wachira alikuja mbio akasema, "Ni mimi niliacha lango, si yeye." Mzee hata hakugeuka. Alisema, "Baba, wewe nyamaza. Usimtetee huyu." Akaendelea.

Usiku huo nililala kifudifudi, na shati limenata mgongoni. Sikumchukia mzee. Huyo nilimzoea kama mvua. Nilimchukia Wachira, ambaye mgongo wake ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Nikajiambia... mara moja tu. Aonje mara moja tu, ajue ladha yake.

Jumapili baada ya kanisa, mzee aliwaalika wazee watatu wa kanisa na Mwalimu Wafula waje wamwombee Wachira kwa ajili ya mtihani, uliokuwa umebaki majuma matano. Mwalimu Wafula ni mkuu wa shule ya msingi pale kwetu, mtu wa Bungoma, rafiki wa mzee. Chai ilinywewa nje, chini ya mti wa mgrevilia.

Nilichukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufungia kifuniko cha mkebe, nikauvaa shingoni kama wanavyovaa madaktari. Nikaenda kwenye mgrevilia, nikaweka kifuniko kwenye gome, nikasikiliza.

"Vuta pumzi, mama," nikauambia mti. "Haya, kohoa."

Wazee wakaanza kucheka. Mwalimu Wafula akauliza, "Daktari, huyu mgonjwa ako na shida gani?"

"Mimba, Mwalimu. Lakini anakataa kutaja mwenyewe."

Hata mama alicheka, akafunika mdomo kwa leso. Mzee akasema, bado anatabasamu, "Sasa wewe mjinga, daktari gani anapima mti?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nilimwona Wachira akinitazama, kikombe mkononi, akitikisa kichwa kidogo sana.

"Si ndiyo kozi huyu Baba wako amechagua?" nikasema. "Daktari wa miti. Ati huko Kampala."

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha. Mzee aliingia ndani akatoka na fomu, akampa Mwalimu Wafula.

"Soma."

Mwalimu aliisoma kimya, akairudia. "Mzee, kwanza tumalize chai. Haya mambo ya shule ni marefu."

"Sijakuuliza habari ya chai. Kidole changu kiko hapo chini. Niliweka kidole juu ya nini?"

"Ya misitu," Mwalimu akasema polepole. "Kwanza ni misitu, Kampala. Ya pili pia ni misitu."

"Na daktari?"

"Daktari hakuna, mzee."

Nilingoja kelele. Haikuja. Mzee alimsogelea Wachira akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba, "Baba, ulienda huko mara ya kwanza ukaniacha nimesimama njiani. Sasa unarudi huko huko, na unanifanya mimi nikuwekee kidole?"

Wachira aliweka kikombe chini. "Mimi si baba yako. Mimi ni mtoto wako. Napenda miti, basi. Hakuna mtu anakufa."

Mpini wa jembe ulikuwa umeegemezwa ukutani. Sikuona mzee akiuchukua. Nilichoona ni bega la Wachira likishuka. Pigo la pili lilikuja kichwani, naye akainua mkono wa kulia kujikinga... Nilisikia mfupa. Ulilia kama kuni kavu unapoivunjia gotini.

Unajua alifanya nini? Hakukimbia. Mimi hukimbia kabla ya fimbo kuinuliwa, nimejifunza. Yeye hakuwa amejifunza. Alisimama akautazama mkono wake, umepinda mahali pasipo na kiungo, na mzee akampiga tena mahali pale pale.

Mama alimshika mzee shati, akatupwa juu ya meza, chai ya moto ikammwagikia kifuani. Nilimrukia mzee mgongoni. Kiwiko chake kilinipata mdomoni, nikatema meno mawili. Mwalimu Wafula alishika mpini, ukamponyoka, ukampasua paji la uso. Mzee mmoja wa kanisa alipita ua kwa kuruka, Biblia kwapani, na katika maumivu yote yale nusura nicheke. Mungu anisamehe.

Wachira alianguka. Mzee aliendelea, miguuni, mbavuni, na huku analia. Kila pigo alilitaja jina lile. "Baba." Anapiga. "Baba." Anapiga. Nilikuwa nimetaka mara moja tu. Nilihesabu mpaka kumi na nne, halafu nikaziba masikio.

Alichoka, hakuacha kwa huruma. Aliichoma fomu jikoni. Akamburura Wachira mpaka stoo ya viazi, akafunga kwa kufuli. "Atakaa mahali naweza kumwona," akasema.

Alikaa humo mpaka Jumanne. Nilimpelekea maji kwa upenyo wa ubao. Nilisikia tu meno yake yakigongana. Jumanne Mwalimu Wafula, kichwa kimefungwa kitambaa, alikuja na askari wa chifu, wakavunja kufuli.

Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu, vyeusi. Hospitalini Nyeri walisema mifupa imepishana na mkono umevimba sana kwa sababu ya kukaa, ni lazima ivutwe mahali pake. Mimi nilikuwa kwenye korido. Wauguzi wawili walimshika mabega. Kelele aliyopiga... tuiache.

Mkuu wa shule yetu ya bweni alimpa fomu nyingine. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa ndani ya plasta, niliijaza mimi, na mama akaweka kidole chake. Aliniambia, "Andika misitu. Na uandike vizuri." Hayo tu. Kisha akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akajaza kuta tatu za choo na madaftari mawili kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Mtihani ulipofika plasta ilitolewa, lakini vidole viwili havikukunjika. Alikuwa akibadilisha mkono, wa kulia ukifa ganzi anaandika na wa kushoto. Wenzake walijaza karatasi nane, yeye mbili. Matokeo yalitoka. Alipita somo moja kati ya matatu. Kampala ilikwenda, Nairobi ilikwenda, na udaktari wa mzee ukaenda nao. Hakuna chuo kilichomchukua.

Sasa yuko Kangema, katika kiwanda cha majani chai. Anasukuma magogo ndani ya tanuri. Siku nzima anachoma miti.

Likizo ya Aprili nilienda kumtafuta. Tulikaa kwenye rundo la kuni, akala mkate wake kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba sikutaka kumharibia chuo. Kwamba nilitaka tu apigwe mara moja, kama mimi.

Alipangusa makombo ya mkate gotini.

"Hata mimi nilitaka," akasema. "Unafikiri ni vizuri, kila siku kuangalia mwingine akipigwa kwa ajili yako? Nilikuwa nimepanga kumwambia mzee mtihani ukiisha. Nilijua atanipiga. Nilikuwa nimekubali."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia unipe nafasi nipite kwanza. Ulitaka nikuambie aje?"

King'ora kikalia, akanyanyuka kurudi kazini.

Wasomaji wenzangu, huko nyumbani mzee hanipigi tena. Hata nikivunja kitu ananipita kama kiti. Nami nimebakiwa na mdomo huu wenye mapengo, ambao bado darasani unaniponyoka. Nawaomba ninyi wenye kaka au dada aliyechagua kozi yake kwa siri, akakuamini: usiifanye siri yake kuwa mchezo wako. Ukiwa na hasira, mpige mwenyewe kwa ngumi zako, mtapatana. Usimtafutie mkono mwingine wa kumpiga, kwa sababu mkono huo hautakuuliza unataka mara ngapi.