Jina la Wakili Bascomb

Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025. Asubuhi hiyo Memphis iliamkia mvua nyembamba yenye upepo, ile mvua isiyoamua kama inanyesha au inatania, na ilipofika saa sita mchana uwanja wa kanisa la Mlima Nebo ulikuwa umejaa madimbwi na watu. Ijumaa akina mama wa kanisa hukaanga kambare, na hakuna mvua iliyowahi kuivunja foleni ile.

Vernita Oglesby alifika kwenye dirisha la kugawia sahani akiwa na koti la mvua la manjano na njaa ya tangu asubuhi. Sahani ilikuwa imebaki moja: kambare wawili, tambi, mkate mweupe na pilipili ya chupa. Alipoinyooshea mkono, mkono mwingine mkubwa ukaifikia kutoka upande wa pili.

"Hiyo yangu, kaka," alisema Vernita.

"Yako? Imeandikwa jina?"

"Nimepanga foleni tangu kule getini."

"Mimi nimepanga tangu utotoni. Nimebatizwa hapa."

Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, suti yake ya kahawia imelowa mabegani, macho yake yanacheka kabla ya mdomo. Nyuma ya karai la mafuta, Mama Ernestine Gaither, mjane aliyetawala jiko lile, aliinua upawa wake juu.

"Cornell! Mpe mwanamke samaki wake. Umri wote huo huna mke, halafu unagombania kambare?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Cornell akainua mikono. Vernita, kwa kuona haya, akamkatia samaki mmoja, na wakasimama chini ya bati kula kwa vidole huku matone yakiwadondokea visigino.

"Unafanya kazi gani, koti la manjano?"

"Matangazo. Ya mtandaoni."

"Mimi nahitaji hayo! Lakini ofisi yangu ndogo, haina hata paka." Akampa kadi.

Vernita akaisoma: Cornell Bascomb, Wakili. Kipande cha samaki kilichobaki alikishika tu mkononi mpaka kikapoa.

Jina lile alilijua. Alikuwa amelinunua.

Vernita ndiye aliyesimamia matangazo ya kampuni ya mawakili ya Crewdson, yule bwana ambaye sura yake imebandikwa kwenye mabango ya nusu ya jiji. Mtu akigongwa na lori barabara ya Lamar, siku hizi hamwiti jirani, hushika simu akaandika "wakili wa ajali ya lori." Majibu ya juu kabisa ni ya waliolipa, na kila kidole kinachogusa tangazo kampuni hulipia, awe majeruhi au mtu aliyepotea njia. Vernita alipoajiriwa, pesa zilikuwa zikivuja kama maji katika pakacha. Waliokuwa wakigusa ni wanafunzi waliotafuta vyuo vya sheria, watu wa talaka, watu wa kuomba kazi. Akayazuia maneno waliyoandika, moja baada ya jingine, tangazo lisiwatokee tena. Akatenga tangazo la malori na tangazo la wanaoteleza madukani. Taratibu simu zikawa za watu walioumia kweli, na Bwana Crewdson akafurahi.

Kisha Crewdson akasema, "Sasa nunua na majina. Mawakili wadogo wa mjini. Anayewatafuta wao atuone sisi kwanza. Hakuna anayekatazwa."

Siku ile Vernita alisali. Hakusubiri jibu. Akayaingiza majina.

Sasa mwenye jina mojawapo alikuwa akimpigia simu kila jioni.

"Koti la manjano, upo?"

"Nipo, mwizi wa samaki. Umekula nini?"

"Nimekula upweke na viazi. Upweke ulizidi chumvi."

"Weee! Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Muulize Mama Gaither. Ananitangaza kanisani kama kiti kilichokosa mnunuzi."

Alimsimulia habari zake kidogo kidogo. Alikuwa ameendesha lori miaka mingi, akasoma sheria kwa madarasa ya jioni, akaanguka mtihani, akaurudia, akaanguka tena, akaurudia tena. "Marehemu baba aliniachia kitu kimoja, Vernita. Jina lisilo na doa. Nikalitundika mlangoni." Akacheka. "Ila tangu vuli simu ya ofisi imekufa ganzi. Labda watu hawagongwi tena. Nimshukuru Mungu?"

Vernita hakucheka.

Kesho yake alipanda hadi kwa Crewdson. "Bosi, naomba nitoe jina moja. Bascomb."

"Hilo? Hilo linatuletea wateja kuliko yote." Crewdson akamtazama juu ya miwani. "Kwani ni nani yako?"

"Si mtu wangu," alijibu Vernita, na papo hapo akamkumbuka Petro akimkana Yesu penye moto wa makaa. Hakuna jogoo aliyewika. Lifti tu ndiyo iliyolia ikifunguka, naye akashuka jina likiwa limebaki palepale.

Hakumwambia Cornell jioni ile, wala iliyofuata. Kila alipofungua kinywa, yeye alikuwa akicheka, na ni nani angependa kukikata kicheko kile? Jumapili walianza kukaa benchi moja kanisani. Mama Gaither akiwaona hukohoa kwa makusudi.

Kisha likatokea la kutokea. Lori lilipita taa nyekundu barabara ya Lamar likakikunja kigari cha Mama Gaither kama karatasi. Nyonga ikavunjika, miwani ikasagika, yeye mwenyewe akatoka hai.

Kila jioni Cornell alikuwa kando ya kitanda chake, akimsomea Zaburi na kumshika mkono. Habari ya kesi hakuigusa.

"Mbona humwambii utamtetea?" Vernita alimuuliza kwenye simu.

"Wakili hamwinamii mgonjwa kitandani akaomba kesi, mpenzi. Ni mwiko. Wanaofanya hivyo tunawajua."

"Lakini huyo ni mama yako wa kiroho!"

"Ndiyo maana hasa. Akinitaka, jina langu analijua."

Vernita akaaga upesi.

Kazi yake ilikuwa na desturi moja: mwanzo wa wiki huzisikiliza simu zilizoletwa na matangazo, apate kujua ni neno gani limeleta mteja na lipi limeleta hasara. Jumatatu moja ya mwanzoni mwa Aprili alikaa na mlimbikizo wa wiki kadhaa, vifaa vya kusikilizia masikioni, na sauti ikamjia, sauti aliyoizoea nyuma ya karai la mafuta, ila sasa imechoka.

"Haloo? Ni kwa Cornell?"

"Ni ofisi ya mawakili, mama. Umeumia wapi?"

"Nyonga, mwanangu. Sina miwani, nimeandika jina lake nikagusa la juu. Mwambie Cornell nataka anitetee yeye."

"Tutakutetea, mama. Nakutumia fomu kwenye simu. Weka kidole tu."

Na Mama Gaither akaweka kidole.

Vernita alivua vifaa vile. Akaulizia. Kesi ile ilikuwa inafungwa haraka, kama Crewdson alivyozoea kuzifunga. Watu wa bima ya lori wametoa fidia ndogo, na yule bibi atatia saini Ijumaa hii. Nyonga ya mtu, kwa bei ya kigari kibovu.

Akashuka hadi kwenye gari lake, akainamisha kichwa juu ya usukani. "Bwana, sikuombi uninusuru. Nipe ulimi."

Akampigia. "Cornell, njoo hospitali saa kumi na moja. Nina neno la kukuambia."

"Neno zuri?"

"Njoo tu, mpenzi wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Cornell alikuja amefunga tai nyekundu, ameshika maua yenye utepe, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Vernita alipomwona akitokea mwisho wa ukumbi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwahi hata kusema "subiri," kwa kuwa Mama Gaither alikuwa ameshamwona kupitia mlango ulio wazi.

"Ehee! Leo na tai! Basi kaa uzungumze. Kila siku Zaburi, Zaburi, kesi yangu hunitajii! Na kale kakijana kako ka simu kananiambia nitie saini Ijumaa nipokee visenti. Cornell, ndivyo ulivyonithamini?"

Cornell alibaki ameduwaa, maua mkononi. "Kijana gani, Mama? Kesi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nilipiga ofisini kwako."

Cornell akamgeukia Vernita, kama mtu anayetafuta wa kucheka naye. Akaona machozi.

"Hakupiga kwako," Vernita alisema. "Alipiga kwetu. Kwa Crewdson. Mimi ndiye ninayeendesha matangazo yao, na jina lako nililinunua. Kila anayekutafuta wewe hutuona sisi kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Kabla ya samaki."

"Kabla ya samaki."

"Na baada ya samaki?"

Mashine ya kitandani ikawa inahesabu mapigo ya Mama Gaither, tii, tii, tii.

"Ya kabla ningekusamehe palepale," Cornell alisema polepole. "Hukunijua. Lakini kila jioni nilikulilia kwamba simu yangu imekufa, na wewe ulikuwa umeshika koo lake."

Akaweka maua kwenye sinki, akalegeza tai, akatoka. Vernita akaruka kumfuata.

"Kaa!" Sauti ya Mama Gaither ilikuwa ileile ya jikoni. "Mwanamume akitembea hivyo anasali au anatafuta cha kupiga teke. Vyote viwili havitaki mwanamke nyuma. Njoo hapa. Hicho kidole nilichoweka, kimenifunga?"

"Hapana, Mama. Mteja anaweza kumwacha wakili wake siku yoyote. Usitie saini kitu kingine."

"Niletee simu yangu. Na safari hii unisomee jina kabla sijagusa."

Asubuhi yake Vernita aliyatoa majina yote, si la Bascomb peke yake. Kisha, kabla hajaulizwa, akapanda kwa Crewdson akamwambia kwa kinywa chake.

"Umeniharibia kazi ya miezi," Crewdson alisema.

"Nimeitengeneza, bosi. Weka jina lako mbele ya tangazo, mtu ajue anamgusa nani. Na wapokeaji wako wamuulize mgonjwa anamtafuta wakili gani kabla hawajampa fomu. Utapata wachache, lakini watakuwa wako."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na kazi umeimaliza."

Akatoka na koti lake la manjano mkononi. Siku zile alimpigia Cornell, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaacha ujumbe mmoja tu: "Sina la kujitetea. Nilipaswa kusema mapema." Hakumwomba Mungu amrudishe Cornell. Kila alfajiri aliomba neno moja: nifundishe kusema mapema.

Ijumaa Kuu jua lilitoka kali. Foleni ya Mlima Nebo ilizunguka ukuta wa kanisa hadi barabarani, akina mama na kofia zao, vijana na shati za kazi. Mama Gaither alikuwa amewekwa na kiti chake cha magurudumu kando ya karai, upawa mkononi, akimkemea kila mtu. Vernita alifika dirishani. Alipoinyooshea mkono sahani yake, mkono mkubwa ukatokea upande wa pili.

"Hiyo yangu," alisema Cornell.

"Chukua."

"Huna hata ubishi?"

"Sina haki nao."

Cornell hakuichukua; sahani ikabaki mkononi mwa Vernita. Uso wake ulikuwa umekonda. "Simu ya ofisi imeanza kulia. Ni wewe?"

"Mimi nilijiondoa njiani tu. Wanaokutafuta wanakuona."

"Nimesikia umefukuzwa."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hupokei."

"Hilo kweli." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilikasirika, Vernita. Bado nimekasirika. Lakini hasira yangu hailali. Nikiilaza, inaamka na kuniuliza uko wapi." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Nataka kukuoa. Nilitaka hata siku ile ya tai. Ila niambie: nikikaa nawe nyumba moja, nitayajuaje unayonificha?"

Vernita akafungua kinywa, lakini upawa ukagonga ukingo wa karai, kwaa!

"Usimjibu hapo pembeni!" alisema Mama Gaither. "Manong'ono ndiyo yaliyotaka kuniuzia nyonga yangu. Jibu hapa, kwa sauti, watu wasikie."

Kofia zikageuka, na mtu wa nyuma akauliza kuna nini, akanyamazishwa. Vernita akaitua sahani ukingoni mwa dirisha, akamtazama Cornell machoni.

"Mimi, Vernita Oglesby, mbele ya Mungu na mbele ya foleni hii, naahidi: Cornell, jambo lolote nitakaloogopa ulijue, wewe ndiwe utakayelisikia kwanza, kwa kinywa changu, siku hiyohiyo, kabla samaki hajapoa."