Ujumbe Uliofika Pasipo Mtu

Zilikufa kimya, safu kwa safu, ndani ya chupa ndogo za kioo. Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba cha baridi, ambacho sasa kilikuwa na joto la jikoni, akazitazama chanjo za watoto wa wilaya nzima. Kibandiko cha kupimia joto kwenye kila chupa kilikuwa kimebadilika rangi. Hakuna hata moja iliyosalimika.

Fundi wa majokofu alikuwa ameshatiwa pingu.

"Mkuu wa zamu anasema hukumwarifu," alisema Inspekta. "Angejua, angefungua chumba cha akiba. Funguo anazo yeye."

"Afande, nilimwambia Karani! Akanijibu, 'Ujumbe umetumwa.' Nikatoka mbio kutafuta kipuri. Mke wangu mjamzito, afande. Nikifungwa..."

"Huyo Karani yuko wapi?"

Sajenti alikohoa. "Si mtu, afande. Ni programu ya akili bandia. Imo ndani ya gumzo la kazini. Unaiagiza, inatuma ujumbe."

"Basi ni shahidi. Tutamhoji."

Walipita mapokezi. Mpokea simu, mwanamke wa makamo, alikuwa na simu moja sikioni na nyingine mkononi.

"Mimi simtafuti mtu nikamkosa," aliwatambia. "Asipopokea, napiga tena. Asipopokea, napiga nyumbani kwake. Ila wiki hii wakubwa wanamjaribu Karani. Akifaulu, sisi wa simu tufunge virago." Kisha akamsukumia bakuli kijana aliyekuwa akipita. "Na wewe, kula! Tangu mama atutoke nakulea, na bado sijamaliza."

"Dada, mbele ya askari!"

Kijana huyo alikuwa mhandisi wa mifumo. Ofisi nzima ilimwita Miwani. Ndiye aliyewafungulia kompyuta.

Inspekta akaandika kwenye gumzo: "Ujumbe wa fundi uliutuma wapi?"

"Kwenye kundi la Zamu," Karani alijibu papo hapo.

"Lina nani?"

"Halina mtu tangu ratiba zihamishiwe kwingine."

"Mbona ukatuma huko?"

"Maelezo ya zana yangu ya kutuma yanasema: 'Hutuma ujumbe kwenye kundi linalohusika.' Nililiona linahusika."

Miwani alicheka. "Mashine ni mashine, afande."

Inspekta hakucheka. Alimgeukia sajenti. "Wewe ni mgeni hapa. Jokofu limekufa, mkuu wa zamu aarifiwe. Haya makundi, haya maelezo. Tuma."

Sajenti alikuna kichwa, akabonyeza. Zamu.

"Hongera. Umeua chanjo."

"Mimi? Afande, ningejuaje? Hakuna aliyeniambia!"

Inspekta aliligeuza jambo hilo kichwani. Mashine iliyosomeshwa na askari mwenye akili zake timamu walikuwa wametumbukia katika shimo lile lile. Basi asitafutwe aliyetumbukia. Atafutwe aliyechimba.

"Kama maelezo haya yaliwahi kubadilishwa, nionyeshe ya awali."

Miwani alisita, kisha akayafungua. Inspekta akayasoma kwa sauti:

"'Tumia zana hii kumfikia mtu aliye zamu, kwa jina lake. Usitume kwenye kundi la Zamu, halina watu. Asiposoma, mpigie. Asipopokea, piga tena, kisha piga nyumbani kwake. Usiseme umemwarifu mpaka ajibu.'"

Safari hii sajenti hakukuna kichwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye jina la mkuu wa zamu.

"Nani aliyafupisha?"

"Mimi. Nilitaka yawe mafupi tu."

"Zana nyingine zote za Karani hapa zina maelezo marefu kama hotuba ya harusi. Umekata hii peke yake, wiki ya majaribio. Na maneno haya uliyoyakata nimeyasikia leo, pale mapokezi, yakitoka kinywani mwa mtu."

Kijana alivua miwani. Macho yake yalionekana madogo, kama ya mtoto aliyeamshwa.

"Nilikaa kando ya dada nikiandika kila anachofanya, nimfundishe Karani," alisema. "Alifurahi! Alidhani naipenda kazi yake. Kumbe namchimbia kaburi, na jembe kaninunulia yeye. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye simu zile. Nikasema, Karani akosee mbele ya wakubwa. Upotee ujumbe wa kikao, upotee wa chai, wamcheke, wamtupe. Sikujua wa kwanza kupotea ungekuwa huu."

"Na fundi alipotiwa pingu?"

"Nilinyamaza."

Inspekta alimpa sajenti ufunguo wa pingu. "Kamfungue. Mwambie ampigie mkewe kwanza, mengine baadaye."

Walipomtoa Miwani, dada yake alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alimtazama mdogo wake, akazitazama pingu mikononi mwake.

"Ungeniambia tu," alisema. "Kazi ningetafuta nyingine. Wewe nitakutafuta wapi?"

Simu iliita mezani. Ikakatika, ikaita tena. Kwa mara ya kwanza, hakuipokea.