Alichosomewa Dishon

Mvua ya saa saba ilimwingiza Dishon, fundi wa pikipiki hapo Kondele, kwenye kibanda cha gemu alichokisimamia Akello. Ovaroli yake ilinuka petroli. Akello, ndani ya gauni la manjano, alikuwa akicheza mwenyewe: mzee mmoja anapanda mlima wa theluji, maneno yakipita chini ya skrini.

Dishon aliuliza mzee anaenda wapi.

"Si una macho?"

"Macho iko. Kizungu ndiyo sina."

Akello akacheka, akasoma kimoyomoyo. Mzee alikuwa akipeleka pete ya marehemu mkewe kwa wazazi wa mke huyo. Na Dishon, stendi nzima ya pikipiki ilijua, alimzika mkewe Apiyo mwaka jana tu. Huruma ni mwongo mkubwa.

"Anamfuata mkewe," Akello akasema. "Mama huyo amemwandikia barua, anamngoja."

Basi ikawa kila mchana. Dishon alishika vitufe, Akello alisoma, na barua zisizokuwepo alizitunga hapo hapo. Dishon akatoka kwenye kilio chake taratibu, kama mtu atokaye majini. "Mwambie yule mama wa barua tunakuja," alikuwa akitania. Mwezi wa tatu akamwita jaber, mrembo wake, akamwambia ajiandae, atampeleka Port Victoria kwa mamake.

Kisha akaisimulia hadithi ile kwa mafundi wenzake. Griffins, mmoja wao ambaye gemu hiyo aliimaliza kitambo, akamwambia mama huyo alikufa hata kabla gemu haijaanza. Stendi ikacheka mpaka wateja wakageuka.

Siku nne Dishon hakuonekana, simu yake imezimwa. Siku ya tano akashika.

"Sikutaka uumie, mpenzi," Akello akasema.

"Kuchekwa si kitu. Unajua Apiyo alikata roho asubuhi? Wale manesi wa wadi waliniambia amelala. Nikampelekea uji, nikarudi nao, nikaupasha moto, nikaupeleka tena. Mpaka jioni, Akello. Marehemu nampelekea uji." Akavuta pumzi. "Na wewe umenibebesha uji miezi mitatu."

Akello alilia bila sauti. "Rudi. Nitakusomea vile imeandikwa."

"Na mimi nitajuaje?"

Majibu yalimjia matatu, yote matamu kama zile barua. Akello akayameza, na Dishon akakata simu.