Magunia Tisa ya Othman

Bi Zohrabai alikutwa kwenye kizingiti cha fleti namba mbili, ghorofa ya kwanza, amelala kifudifudi na ufunguo mkononi. Ufunguo wenyewe haukuwa wake.

Inspekta Kazija Vuai alichutama kando ya maiti. Maji ya zimamoto yalikuwa yakiteremka ngazi na kumlowesha viatu. Marehemu hakuungua. Masizi yalimjaa puani na mdomoni. Moshi ndio uliommaliza. Alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, akiishi peke yake ghorofa ya tatu. Magoti yalimsumbua, na hakuna mkaazi wa jengo lile la Limbani, Wete, asiyelijua hilo.

"Mtu mwenye magoti mabovu anaukimbia moto," alisema Kazija, "kisha anasimama kwenye mlango unaotoa moshi. Kwa nini?"

Koplo Mjaka aliujaribu ufunguo. Ulikuwa wa fleti ile ile iliyoungua.

Mwenye fleti, Othman Matano, alikuwa uani, mikono kichwani. "Magunia tisa ya karafuu, Bi Inspekta! Karafuu kavu, nimezianika kwa mikono yangu! Na mama wa watu kafa! N'fundi yuno, Masika. Jana kaja kutengeneza soketi, leo nyumba inateketea."

Kufika saa sita mchana, fundi Masika alikuwa mahabusu. Mkubwa wa Kazija alipiga simu kutoka Chake Chake. Alitaka fundi afikishwe mahakamani saa nane, ashitakiwe kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kwenye baraza ya kituo, Mwanawema, mke wa Masika, alikaa na mtoto mchanga kifuani. Alipoambiwa aende nyumbani, alitikisa kichwa tu.

Kazija alirudi kwenye chumba kilichoungua. Kuna jambo lilimkera tangu asubuhi na alikuwa hajalipatia jina. Alivuta pumzi. Alisikia harufu ya godoro, ya rangi, ya kumbi la nazi. Basi.

Alilelewa Mtambwe, juu ya majamvi ya karafuu. Konzi moja ikimwagikia motoni, jirani wa nyumba ya tatu huuliza kulikoni. Magunia tisa yakiungua, Wete nzima ingenukia mpaka bandarini.

Abrahman, afisa wa bima, alimkuta mlangoni, jalada kwapani.

"Nieleweshe bima za humu," alisema Kazija.

"Ziko mbili, Afande. Ya jengo wameikata wakaazi wote kwa pamoja. Inashika kuta, paa na ngazi. Ya pili kila mwenye fleti anajikatia mwenyewe. Hiyo inashika vilivyomo ndani ya mlango wake."

"Na mali ya mtu iliyowekwa juu ya paa, tuseme karafuu za kuanika?"

"Paa ni la wote. Mali ya mmoja ikiharibikia kule, haimo kwenye bima hii wala ile. Watu wengi hawalijui hilo mpaka maji yamefika shingoni."

"Nani mwengine aliyekuuliza hivyo?"

Abrahman alilifungua jalada, akalifunga bila ya kusoma. "Othman. Wiki mbili nyuma, baada ya ile mvua kubwa."

Kazija alipanda mpaka juu ya paa. Pembeni palikuwa na turubai lililokunjwa ovyo. Chini yake, na kwenye mfereji wote wa maji, karafuu zilikuwa zimegandana, nyeusi, zimeota ukungu.

Aliporudi chini, askari wa zimamoto alikuwa ameshafukua majivu ya magunia. Alimwonesha nyuzi za makumbi ya nazi, na katikati yake kibati cha kusimamishia dawa ya mbu ya mviringo, ile ya kuwashwa. Moto ulianzia hapo. Soketi ya Masika ilikuwa ukuta wa pili. Nje imeshika masizi, ndani nyaya zake nzima.

Ilikuwa saa saba na robo. Kazija aliagiza Othman aletwe kituoni.

"Uliondoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa tatu. Nkaenda sokoni. Watu tele wameniona."

"Wameniambia. Leo umesalimia hata usiowajua. Dawa ya mbu uliwasha ya nini?"

"Mbu hata mchana wapo."

"Wanakaa chini ya magunia?"

Othman alijifuta jasho.

"Karafuu ikiungua inanukia, hainukii?"

"Inanukia."

"Miye na weye Wapemba. Leo umeisikia?"

Nje, mtoto wa Masika alianza kulia.

"Kuna mtu ndani kwa ajili yako, Othman. Magunia yalikuwa na nini?"

"Makumbi," alisema Othman, akaamua kusema yote. "Nimekodi mikarafuu, nimechuma, nimeanika juu. Nkaitwa msibani Micheweni, siku tatu. Mvua hino! Niliporudi zishaoza. Mwaka wangu mzima! Nkamuuliza bwana wa bima, akanambia paa si langu peke yangu. Nkaona, kama bima yataka ziwe ndani, basi niseme zilikuwa ndani. Nikatega dawa ya mbu, iwake polepole nishakuwa sokoni."

"Na Bi Zohrabai?"

"Wallahi sikukusudia! Saa zile wengi wako makazini. Yeye yuko juu kabisa. Nkasema moshi haumfikii."

"Haukumfikia. Aliufuata."

Kazija aliuweka ufunguo juu ya meza. "Ulimpa wewe?"

"Zamani. Maji ya bomba yakitoka nami sipo, ananikingia."

"Na karafuu, ulimwambiaje?"

"Kwamba nishaziteremsha ndani. Tisa. Nilitaka awe shahidi wangu."

"Alikuamini. Moza wa ghorofa ya pili ametoa maelezo. Alimsihi washuke pamoja, akamshika nguo. Bi Zohrabai akamponyoka. Alikuwa akisema, 'Karafuu za Othman, mwaka wake mzima umo mle.' Alikuja na magoti yake yale kukuokolea makumbi."

Othman aliangusha uso juu ya meza, akalia kwa sauti. Kazija alimwacha. Kisha alimsogezea karatasi ya maelezo, Othman akaisaini.

Koplo Mjaka alimfungulia Masika. Fundi alikwenda moja kwa moja barazani kumpokea mtoto.

"Bi Inspekta," alisema Othman, "maziko ni saa kumi. Niruhusu nikamzike. Alikuwa kama mama yangu."

Kazija aliitazama saa ya ukutani.

"Saa nane una mahakama, Othman. Nafasi ilikuwa ya Masika."